Waliovuka Mto Kufuata Saruji

Wazungu waliohamia Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wakiwemo Waitaliano na Wapolandi, walikaa baharini siku nyingi kabla ya kufika Ellis Island, kituo kilichofunguliwa mwaka 1892. Mhamiaji wa Busia hakuiona bahari. Alivuka mto tu, akawa amekwisha ingia nchi ya viwanda.

Uganda ya miaka ya 1950 ilikuwa na haraka. Shirika la Maendeleo liliundwa mwaka 1952. Bwawa la Owen Falls huko Jinja likafunguliwa mwaka 1954. Tororo, penye mawe ya chokaa na reli itokayo Mombasa, pakajengwa kiwanda cha saruji. Wahandisi wa Ulaya walikuja na mikataba na kupewa nyumba. Vibarua kutoka Kenya walikuja na blanketi na jina la ndugu aliyetangulia.

Jina hilo lilitosha. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, maana nchi yao ilikatwa kwa kalamu: mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilitiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mtu alikuwa na mjomba huku na shangazi kule, na ng'ombe wa mahari walivuka mto. Mwisho wa mwezi fedha zilirudi nyumbani kuwa karo na mabati, naye mke aliyebaki akilima mtama na mihogo alikuwa mama na baba wa nyumba.

Kisha zikaulizwa karatasi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1969 iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na mwaka 1970 serikali ya Rais Milton Obote iliwafukuza Wakenya wakadiriwao kufika 30,000. Kuwapa wananchi kazi si jambo la kudharauliwa. Lakini mtu aliyehamishwa ghafla hufungasha nini? Kitanda huuzwa kwa bei ya kutupa, kuku huachiwa jirani. Na aliyeoa ng'ambo, watoto wake ni wa nchi gani? Huenda askari wa zamu naye aliwakagua watu waliosema lugha ya mama yake.

Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ukafungua tena mlango wa ajira kwa wananchi wa jumuiya. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa mwaka 2018. Humo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja.