Sifo kwa Mwanariadha wa Chuo Kidogo: Mfano wa Peter Rono

Wataalamu wa fasihi simulizi hutofautisha sifo na majigambo. Majigambo hutungwa na kughanwa na mhusika mwenyewe, ilhali sifo hutungwa na watu wengine juu yake. Kila aliyeketi kwa mtihani wa kidato cha nne anaikumbuka tofauti hii, na wengi wetu huiacha papo hapo kwenye chumba cha mtihani. Hata hivyo, ni tofauti inayofaa sana mtu anapotaka kueleza namna vyuo vinavyowaenzi wanamichezo wao. Mwanafunzi aliyeshinda mbio mara chache hujighani. Kesho yake asubuhi ana mhadhara. Chuo ndicho manju wake. Naye manju ana wajibu wa tangu jadi: kumtaja shujaa kwa jina, kwa asili yake, kwa mahali na kwa tendo. Makala haya yanauchunguza wajibu huo kupitia kwa chuo kimoja kidogo cha Marekani na mwanafunzi wake mmoja, Mkenya.

Chuo chenyewe ni Mount St. Mary's, kilichoanzishwa mwaka wa 1808 karibu na mji mdogo wa Emmitsburg, jimbo la Maryland. Ni chuo cha Kikatoliki kilicho chini ya mlima, na hakikupata hadhi ya kuitwa chuo kikuu hadi mwaka wa 2004. Katika miaka ya themanini wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hawakufikia elfu mbili. Taasisi ya ukubwa huo haitarajiwi kutoa bingwa wa Olimpiki. Ilimtoa.

Peter Rono alizaliwa mwaka wa 1967 katika eneo la Nandi, akasoma katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, kabla ya kwenda Emmitsburg kwa ufadhili wa masomo. (Msomaji asimchanganye na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka wa 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Hicho kilikuwa chuo kikubwa, na hiyo ni hadithi nyingine.) Mwaka wa 1986, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya chipukizi jijini Athens, Peter Rono alitwaa nishani ya fedha katika mita 1500. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Oktoba 1988, alisimama kwenye mstari wa fainali ya mbio hizo hizo jijini Seoul akiwa na umri wa miaka 21.

Hapa manju hana budi kuamua atasema nini, na uamuzi huo ndio hasa unaonishughulisha. Ukweli ni kwamba baadhi ya majabali wa mbio hizo hawakuwepo siku hiyo. Said Aouita wa Moroko alikuwa amejiondoa kwa sababu ya jeraha. Sebastian Coe, bingwa wa mwaka wa 1980 na wa 1984, hakuteuliwa na Uingereza. Mtunzi wa sifo aliye mwoga atalificha jambo hili akidhani linampunguzia shujaa wake. Maoni yangu ni kinyume. Liyongo hakuwa shujaa kwa kuwa maadui zake walifichwa katika masimulizi, bali kwa kuwa walitajwa. Na waliokuwepo Seoul hawakuwa haba: alikuwepo Steve Cram, bingwa wa dunia wa mwaka wa 1983 na mwenye rekodi ya dunia ya maili moja wakati huo, alikuwepo pia Mwingereza mwenzake Peter Elliott, na Jens-Peter Herold wa Ujerumani Mashariki. Rono alishika uongozi kabla ya mzunguko wa mwisho na hakuuachilia. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 35.96. Elliott alimfuata kwa 3:36.15, Herold kwa 3:36.21, na Cram akawa wa nne. Kati ya dhahabu na fedha palikuwa na sekunde 0.19, muda usiotosha hata kutamka neno "ushindi".

Takwimu hizi zinasifu kuliko vivumishi vyote tuwezavyo kuvikusanya. Aghalabu taarifa za michezo katika vyuo vyetu husema kwamba fulani "aliibuka kidedea" au "aliwatimulia wenzake vumbi", kisha zikaishia hapo. Hazisemi alikimbia kwa muda gani, dhidi ya nani, katika kiwanja kipi. Sentensi ya aina hiyo humfaa mshindi yeyote wa mbio zozote. Kwa hiyo haimfai yule mmoja. Sitiari ni pambo la tendo, nalo tendo sharti litangulie.

Mwaka huo wa 1988 Wakenya walitwaa dhahabu nne za riadha: Paul Ereng katika mita 800, Rono katika 1500, John Ngugi katika 5000 na Julius Kariuki katika mbio za kuruka viunzi na maji. Ereng naye alikuwa mwanafunzi wakati huo, katika Chuo Kikuu cha Virginia. Rono alikuwa Mkenya wa pili kushinda mita 1500 katika Olimpiki, miaka 20 baada ya Kipchoge Keino kuwashangaza walimwengu kule Mexico mwaka wa 1968. Noah Ngeny alikuja kuwa wa tatu mwaka wa 2000. Orodha hii fupi inatosha kuonyesha uzito wa ushindi ule, na bado ukiwauliza vijana wa leo wamtaje bingwa wa Seoul, wengi watakutajia Keino au wanyamaze. Rono hakupata tena taji kubwa la dunia baada ya siku ile. Taifa lenye mabingwa wengi husahau upesi, kwani kila mwaka huletewa jina jipya. Chuo kidogo hakina anasa hiyo ya kusahau.

Jambo ambalo sifo nyingi za Rono hulipita haraka ni kwamba hakuwa peke yake. Kocha wake chuoni alikuwa Jim Deegan, na kabla yake pacha wawili waliotoka St. Patrick's, Charles na Kipkoech Cheruiyot, walikuwa wamepitia chuo hicho hicho. Charles alimaliza wa sita katika mita 5000 za Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1984. Kipkoech naye alikuwemo katika fainali ile ya Seoul. Hebu tafakari, msomaji: chuo chenye wanafunzi wasiofikia elfu mbili, na vijana wake wawili katika fainali moja ya Olimpiki, na wote wawili walianzia katika shule moja iliyo ukingoni mwa Bonde la Kerio. Huu si mwujiza wa mtu mmoja. Ni njia iliyokanyagwa na waliotangulia mpaka ikaonekana.

Njia hiyo ilianzia kwa walimu. Shule ya St. Patrick's ilianzishwa mwaka wa 1961 chini ya Mabruda wa Patrick kutoka Ayalandi. Mwaka wa 1976 Bruda Colm O'Connell alifika pale kufundisha jiografia, akarithi kazi ya kuwanoa wanariadha bila kuwa na mafunzo yoyote ya ukocha. Katika orodha ya waliosomea pale wamo Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za Boston (1988), Matthew Birir, bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji mwaka wa 1992, na Wilson Kipketer, aliyekuja kuikimbilia Denmark na kuweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka wa 1997. Shule hiyo ina desturi ya kupanda mti uani kwa heshima ya mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa bingwa. Nimesoma tungo nyingi za sifo, na sijui kama kuna iliyonipendeza kuliko hiyo. Mti hauna chuku. Una jina, na unahitaji mtu wa kuumwagilia maji.

Sasa tuzigeukie timu. Mwaka wa 1962 Mount St. Mary's ilitwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa vikapu kwa vyuo vidogo, ikiishinda Sacramento State kwa alama 58 kwa 57 katika muda wa ziada. Kocha alikuwa Jim Phelan, aliyeanza kazi hiyo mwaka wa 1954 na kustaafu mwaka wa 2003. Misimu 49 katika chuo kimoja, na ushindi mara 830. Kumsifu Phelan ni rahisi kwa kuwa idadi hiyo inasimama yenyewe. Kazi ngumu ni kuwasifu vijana wa misimu hiyo yote, ambao kila mmoja alikaa miaka michache tu, akahitimu, akaenda kutafuta riziki.

Mbio za nyika za vyuo vya Marekani zinatupa kanuni ya kutusaidia hapa. Timu huingiza wakimbiaji saba, na nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa. Timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Tuseme chuo kimoja kina vijana waliomaliza wa 1, wa 2, wa 3, wa 4 na wa 45. Jumla yake ni 55. Chuo kingine kina wa 5, wa 7, wa 9, wa 11 na wa 13, nacho kina 45. Chuo cha pili kimeshinda ingawa hakina hata mmoja aliyepigwa picha kwenye utepe. Mkimbiaji wa tano ndiye aliyeamua, na ndiye ambaye jina lake halimo katika taarifa itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wala wa sita na wa saba hawakukimbia bure: wakimpita mtu wa tano wa wapinzani, wanamsukuma nyuma na kuiongezea timu yake mzigo.

Wanachama wa chama chetu huombwa kila muhula kuandika maneno ya kusomwa siku ya kutuza wanamichezo. Safari ijayo atakayepewa kazi hiyo aende kwanza kwa mwalimu wa michezo akaombe karatasi ya matokeo, yote, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na muda wa kila mmoja. Kisha aketi na yule wa tano, amuulize mbio zilikuwaje kutoka pale alipokuwa.