Kulia bila machozi! Ugonjwa uliomtoa Venus uwanjani

Najua ukurasa huu umezoea mitindo na mambo ya mapenzi, lakini leo naomba tuzungumzie mate. Ndiyo, mate haya haya, usikunje sura. Mtu mzima anatoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku na wala hana habari nayo, mpaka siku yanapokatika kama maji ya bomba la mtaani kwetu.

Ugonjwa unaoyakata unaitwa Sjögren, tamka Shogren. Ni jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, ambaye mwaka 1933 aliandika habari za wanawake 19 waliokaukiwa macho na midomo, 13 kati yao wakiwa na baridi yabisi. Wakubwa wa chuo wakaipa kazi ile alama ndogo, hata cheo cha uhadhiri akakikosa! Leo wao hakuna anayewajua, ila jina lake liko kwenye kila kitabu cha udaktari.

Mambo yanakwenda hivi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inazigeukia tezi za machozi na mate. Ni kama mlinzi wa getini kumchapa virungu mwenye nyumba. Katika wagonjwa 10, tisa ni wanawake. Wengi wanagundulika wakiwa wamepita miaka 40, ingawa hata msichana wa miaka 20 anaweza kuupata.

Sasa utasikia watu: “Ukavu tu? Si anywe maji!” Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Maji yanalowesha, lakini hayafanyi kazi ya mate. Mate ndiyo yanayoyalinda meno usiku na mchana. Yakikosekana, meno yanaoza kwenye shina karibu na fizi, moja baada ya jingine, na fangasi wa mdomoni wanajikaribisha. Dada wa watu anaweza kung’olewa meno matatu kabla hajatokea mtu wa kumuuliza kama anaweza kumeza andazi kavu bila chai. Macho nayo yanawasha kama yametiwa mchanga, na yakiachwa hivyo miaka mingi yanaweza kutoka vidonda vya kuharibu uwezo wa kuona.

Halafu fikiria msibani. Kafiwa na mama yake mzazi, analia kwa sauti lakini chozi halitoki. Wambea wa mkekani watakwambia ana roho ngumu yule! Na chumbani je? Ukavu hauishii mdomoni, kina dada mnanielewa. Jamaa asiyejua kitu anaanza kuhisi hapendwi tena, au kuna buzi mahali, kumbe ni tezi. Vilainishi vya maji vinauzwa famasi, tena bila cheti.

Swali mnalolisubiri: unaua? Wengi hauwaui. Wanaishi umri unaokaribiana sana na wa watu wengine, huku ukavu, uchovu na maumivu ya viungo vikiwasindikiza miaka nenda rudi. Kundi dogo ndilo linaloguswa mapafu, figo au mishipa ya fahamu. Linalotisha zaidi ni saratani ya tezi iitwayo limfoma, ambayo huwapata kama watano katika kila wagonjwa 100, mara nyingi baada ya miaka mingi. Kwa hiyo ukiona uvimbe chini ya sikio hausinyai, au vidoadoa vya zambarau miguuni, au homa na kukonda kusikoeleweka, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Nyingi ya saratani hizo zinakua taratibu na zinatibika.

Tatizo kwetu Bongo, mdomo ukikauka, shavu likivimba na mwili ukipungua, mtaa umeshatoa hukumu: ngoma hiyo! Kweli VVU vinaweza kuleta dalili hizo, na kisukari kinakausha mdomo, hata baadhi ya vidonge vya presha na mzio. Ndiyo maana watu wanapimwa. Kuna kikaratasi kinachoning’inizwa kwenye kope la chini kwa dakika tano. Kikilowa milimita tano au pungufu, machozi ni haba. Kuna vipimo vya damu pia, na mara nyingine hukatwa kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini.

Kipimo kimojawapo cha damu kinatafuta kitu kiitwacho anti-Ro. Mjamzito akiwa nacho, mtoto mmoja au wawili katika 100 wanaweza kupata hitilafu ya mapigo ya moyo wakiwa bado tumboni. Wengi wanazaliwa salama salimini, lakini daktari wa kliniki aambiwe mapema.

Dawa ya kuumaliza haipo. Kuna matone ya macho, dawa ya meno yenye floraidi, bigijii isiyo na sukari, na vidonge vya pilokapini vya kuzisukuma tezi zitoe mate.

Na uchovu? Muulize Venus Williams. Agosti 2011, akiwa na miaka 31, alijitoa kwenye mashindano ya tenisi ya wazi ya Marekani na kuutangazia ulimwengu kwamba ana Sjögren. Alikuwa ameanza kuumwa miaka kadhaa kabla ya kujua ni nini. Akabadili chakula, akaondoa nyama, akajifunza kupumzika. 2012 akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini London, wawili wawili na mdogo wake Serena. 2017 akaingia fainali ya Wimbledon. Na Julai 2025, mjini Washington, akiwa na miaka 45, akambwaga binti aliyemzidi zaidi ya miaka 20.

Tuonane wiki ijayo.