Merikebu Khedive Ismail

Nchi ya Mbulumbulu iko juu, karibu na Ngorongoro, mbali sana na bahari. Mtu afiaye bara huzikwa ardhini, na jamaa zake hulijua kaburi lake. Lakini wako askari wengi wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, maana walipotea baharini wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwezi wa Februari 1944 merikebu 5 zilitoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka. Zilisafiri pamoja zikilindwa na manowari, kwa kuwa merikebu iendayo peke yake huwindwa kwa urahisi. Moja yao, Khedive Ismail, ilichukua watu 1,511. Zaidi ya 900 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Miongoni mwa wengine walikuwamo mabaharia na wauguzi.

Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, ilitokea manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, jina lake I-27. Iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Topido ni kombora liendalo majini kwa mtambo wake lenyewe, nalo likigonga ubavu wa merikebu hupasuka. Merikebu ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi, hata wengi waliokuwa ndani hawakuwahi kupanda juu.

Waliotoka wakawa wanaelea, naye adui akajificha chini yao. Ndipo manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilipopata shida kuu. Zikiangusha mapipa ya baruti, zitawaua wenzao waliomo majini. Zisipoangusha, adui ataweza kuzizamisha na merikebu 4 zilizosalia, zenye maelfu ya watu. Mapipa yakaangushwa, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakafa. Mwisho I-27 ililazimika kutokea juu, na Petard ikaizamisha kwa topido.

Watu 1,297 walikufa siku ile. Waliookoka ni 214 tu. Katika makaburi ya vita ya Nairobi uko ukumbusho wa mawe, ambao umeandikwa majina ya wengi waliopotea katika merikebu hiyo. Jamaa za askari hao hawana kaburi la kulizuru. Wanalo jina lililochorwa huko.