Istilahi za Kurekebisha Maandishi katika Michoro ya Kompyuta

Michoro ya majengo, barabara na mifereji, ambayo zamani ilichorwa kwa kalamu na rula, siku hizi huchorwa kwa kompyuta. AutoCAD, mojawapo ya programu zinazojulikana zaidi katika kazi hiyo, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1982. Programu za kuandikia zimekwisha kupata maneno ya Kiswahili. Mfano mmoja ni Jambo OpenOffice ya mwaka 2004. Upande wa programu za kuchorea, kazi ingali kubwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza matatizo matatu ya maandishi ya mchoro na kupendekeza neno la kufaa kwa kila moja.

Katika barua, neno ni neno tu. Katika mchoro mambo ni tofauti, kwani kinachoonekana kuwa maandishi huenda kikawa maandishi kweli, au mistari iliyofanana na herufi, au tarakimu iliyotokana na urefu wa mstari. Aghalabu hitilafu zote huitwa kwa jina moja, "maandishi yamekataa", na dawa yake huitwa "kusahihisha". Lakini kila hitilafu ina dawa yake.

Kwanza, herufi hugeuka alama za kuuliza au hutoka katika nafasi zake. Sababu ya kawaida ni kwamba fonti iliyotumiwa na mchoraji haimo katika kompyuta ya msomaji. Hapa hakuna kosa la kuhariri. Yafaa kuleta fonti ile au kuchagua nyingine badala yake. Tunapendekeza "fonti mbadala". Neno "mwandiko" halifai, maana hilo ni la mkono wa mtu.

Pili, maandishi hayakubali kuhaririwa kwa sababu yamekwisha kuvunjwa yakawa mistari mitupu. Amri ya kuvunja kitu kizima kuwa sehemu zake, ikifasiriwa neno kwa neno, hutoa "kulipua". Tafsiri hiyo yatisha wala haielezi kitu. Fundi wa magari husema amefumua injini, na mshonaji hufumua nguo. Basi "kufumua" ndilo neno, nalo lina onyo ndani yake: kilichofumuliwa hakirudi kuwa kizima kwa urahisi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni vipimo. Kwa kawaida programu hupima mstari na kuandika tarakimu yenyewe. Mstari ukirefushwa, tarakimu nayo hubadilika. Hicho tunakiita "kipimo fuasi". Lakini mchoraji aweza kufuta tarakimu hiyo na kuandika yake. Tangu hapo mstari hurefuka, tarakimu ikabaki palepale.

Tuchukue mfano wa darasa linalotarajiwa kujengwa Msangano, wilayani Momba, mkoani Songwe. Ukuta ulichorwa milimita 8,000, na mchoraji akaiandika tarakimu hiyo kwa mkono wake. Baadaye ukuta ukarefushwa hadi milimita 9,000, lakini karatasi ingali yasema 8,000. Desturi ya michoro ya ujenzi ni kufuata tarakimu zilizoandikwa, si kupima karatasi kwa rula. Kwa hiyo fundi mwaminifu atachimba msingi uliopungua mita nzima, na mbao za paa zilizokatwa kwa urefu mpya hazitalingana na kuta. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea katika uchimbaji. Kosa limo katika tarakimu.

Je, tarakimu hiyo tuiite nini? "Kipimo bandia" chamtuhumu mchoraji udanganyifu, ilhali pengine ana sababu halali. "Kubandika" limekwisha kushikwa na kazi nyingine katika kompyuta. Tunapendekeza "kipimo cha kupachika", kama vile mtu anavyopachikwa jina lisilo lake. Na dawa yake isiitwe kusahihisha, bali "kurejesha kipimo", yaani kuondoa tarakimu ya kupachika ili programu iandike urefu halisi wa mstari.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

(a) fonti mbadala: fonti inayoshika nafasi ya ile isiyokuwapo;
(b) kufumua: kuvunja kitu cha mchoro kuwa sehemu zake;
(c) kipimo fuasi: tarakimu inayofuata urefu wa mstari;
(d) kipimo cha kupachika: tarakimu iliyoandikwa badala ya kipimo fuasi;
(e) kurejesha kipimo: kuondoa tarakimu ya kupachika.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na watumishi wa idara za ujenzi wayapime maneno haya kazini, na watuletee maoni yao, hasa pale ambapo mafundi wana neno lililo bora zaidi.