Adapta Hubadilisha Umbo la Plagi, Haibadilishi Nguvu ya Umeme

Familia nyingi za Birongo na maeneo mengine ya Kisii na Nyamira zina jamaa wanaoishi ughaibuni, hasa jimbo la Minnesota nchini Marekani. Wanapokuja likizo au kutuma mizigo, huleta pasi, blenda, mashine za kunyoa na hata mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua. Kifaa kikifika nyumbani, plagi haiingii kwenye soketi. Mtu hununua adapta, anawasha, na baada ya muda mfupi moshi unatoka.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Wa Marekani na Kanada ni wa volti 120 na hezi 60. Adapta huiwezesha plagi ya kule kuingia kwenye soketi ya hapa, basi. Umeme unaopita ndani yake unabaki kuwa ule ule wa volti 240.

Kifaa cha kutoa joto kilichoundiwa volti 120 kikipata volti 240, nguvu kinayovuta huongezeka takriban mara nne. Pasi ya wati 1,200 huvuta karibu wati 4,800, sawa na ampea 20. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi zetu huenda isikatike papo hapo, na muda huo unatosha kuunguza kifaa au kuanzisha moto.

Soma lebo kwanza

Kila kifaa kina lebo ndogo nyuma, chini au kwenye chaja.

• Ikiandikwa "100–240V, 50/60Hz", kifaa kinafaa hapa na kule. Kinahitaji adapta tu. Chaja nyingi za simu na kompyuta za mkononi ni za aina hii.

• Ikiandikwa "120V" au "110V" pekee, usikichomeke moja kwa moja. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za kifaa. Blenda ya wati 500, kwa mfano, ipewe transfoma ya wati 750 au zaidi.

Transfoma nayo ina mipaka, kwa kuwa haibadilishi hezi. Mashine za kunyoa na vifaa vingine vyenye mota vilivyoundiwa hezi 60 huweza kwenda polepole au kupata joto kupita kiasi kwenye hezi 50. Ndiyo maana mashine ya oksijeni ya mgonjwa haifai kufanyiwa majaribio nyumbani. Kabla haijasafirishwa, mwambie jamaa yako apige picha ya lebo na kukutumia, kisha uwaonyeshe wahudumu wa afya au fundi wa vifaa vya hospitali. Ni rahisi kubadilisha mashine ikiwa bado iko dukani kuliko ikishafika kijijini.

Kwa wanaosafiri

Uganda, Omani, Katari na Falme za Kiarabu hutumia plagi kama zetu. Rwanda na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia plagi za pini mbili za mviringo, lakini volti zao zinakaribiana na zetu, hivyo adapta inatosha kwa vifaa vingi. Anayekwenda Marekani aiache pasi yake nyumbani: kwa volti 120, itatoa takriban robo tu ya joto lake.

Tahadhari

Wengi hufungua soketi kwa kutumbukiza kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Usifanye hivyo. Plagi hiyo haikai imara, haina fyuzi, na watoto wanaweza kuiga wakitumia msumari. Pia, usikate pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye adapta. Pini hiyo hukukinga usipigwe na umeme kifaa kikiharibika.

Ukiona moshi au kunusa harufu ya kuungua, zima swichi kuu ya nyumba kabla ya kugusa chochote, wala usimwage maji. Kwa kazi yoyote ya nyaya na soketi, tumia fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na umwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi.