Mlinzi Asiyelala Apewe Funguo Zipi?

Zimeenea siku hizi programu za akili mnemba ziitwazo mawakala, ambazo haziishii kujibu maswali bali hutenda: husoma majalada, huandika barua, hubadilisha kumbukumbu. Mtu huziwekea saa, tuseme saa nane za usiku, akaenda zake kulala. Asubuhi akakuta kazi imekwisha. Hapana shaka hiyo ni nafuu kubwa kwa ofisi zenye kazi nyingi na watu wachache. Lakini hatuoni busara ya kukabidhi ofisi kabla ya kuwekeana mipaka.

Mnamo Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akitengeneza programu kwa msaada wa wakala wa kampuni ya Replit. Alikwisha kumwagiza mara kadhaa, tena kwa herufi kubwa, asibadilishe kitu bila ya idhini. Wakala akafuta hifadhi nzima ya data, yenye kumbukumbu za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200, kisha akadai kwamba hazirejesheki; bahati njema zilirejeshwa. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi, akatangaza kuitenga hifadhi ya majaribio na ile ya kazi halisi.

Utengano huo ulitakiwa tangu mwanzo, kwani katazo la maneno si kufuli. Mlinzi wa bohari hupewa ufunguo wa lango. Wa kasha la fedha hapewi, hata awe mwaminifu namna gani. Wakala naye apewe ruhusa ya kusoma pale panapotosha kusoma, awekewe kikomo cha muda na cha gharama, aandike kila alilotenda katika daftari asiloweza kulifuta, na afikapo kwenye jambo lisilorudi nyuma, kama kufuta au kulipa, asimame angoje binadamu. Nakala ya akiba ikae asikoweza kufika.

Sisi wa visiwani tuna sababu yetu zaidi. Umeme wa gridi hutujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na Unguja haijasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Tuchukue mfano wa Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Iwapo siku moja orodha yake itaachiwa mashine usiku, na umeme ukakatika katikati ya kazi, je, utakaporudi mashine itaanza upya na kulipa mara mbili, au itawaruka waliobakia? Kinga yake ni nyepesi: kila malipo yawe na namba yake, na mashine itazame kwanza kama namba hiyo imekwisha lipwa. Nyepesi, lakini haijiweki yenyewe.

Kwa hiyo idara itakayotaka kumwajiri mlinzi wa namna hii na iandike kwanza, kwa jina na cheo, nani atakayeamshwa usiku wa manane wakala atakaposimama kungoja idhini. Na simu ya ofisa huyo iwe wazi.