Nani Kasema Jibu Ni Hilo?

Leo siwasimulii ya sungura na fisi. Nawasimulia ugomvi wa watu wazima, tena wengine wasomi wenye miwani, waliokasirishwa na neno moja la herufi tano.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 5 Mei 2022. Mchezo unaitwa Wordle. Kila siku linafichwa neno moja la Kiingereza, lilelile kwa dunia nzima, nawe una nafasi sita za kulibahatisha. Tuujaribu kwa Kiswahili ili muone unavyokwenda. Tuseme neno lililofichwa ni NYOTA, nawe hujui. Unaandika TUNDA. T na N zinageuka njano: zimo kwenye neno, ila umeziweka mahali sipo. U na D zinakuwa kijivu: hazimo kabisa. A ya mwisho inawaka kijani: imo, tena imekaa mahali pake. Unakuna kichwa, unaandika NYOKA. Kijani nne, kijivu moja. Sasa unalijua, ila moyo unadunda, maana kuna watu wanaokungoja kwenye simu uwaambie umepata kwa mara ya ngapi.

Jibu la siku ile lilikuwa “homer”. Wamarekani wakapita kama kawaida. Huko kwao ni neno la besiboli: mchezaji akiupiga mpira ukaenda mbali kiasi cha kumwezesha kuzunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia, hiyo ndiyo homer. Ila Uingereza hawachezi sana besiboli. Kule anayelijua neno hilo huenda analijua kama jina la njiwa aliyefunzwa kurudi nyumbani kwake. Wengi hawakulijua hata hivyo. Wakakimbilia kamusi. Katika wiki ya kwanza ya Mei neno hilo lilitafutwa karibu mara 75,000 kwenye kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, na asilimia 95 ya waliolitafuta walikuwa nje ya Amerika ya Kaskazini. Mwisho wa mwaka wenye kamusi wakalitangaza kuwa neno lao la mwaka 2022. Neno likapata heshima kwa sababu ya kuudhi watu!

Je, mchezo ulikosea? Hapana. Neno lipo, maana linayo, herufi ni tano. Lakini na waliolalamika walikuwa na haki yao. Miezi mitatu kabla, Februari, jibu la siku moja lilikuwa “humor”. Mmarekani anaiandika hivyo, herufi tano. Mwingereza anaiongezea “u”, zinakuwa sita, kwa hiyo kwenye mchezo huu tahajia yake haina hata pa kukaa. Mtu anakosa kwa sababu alifundishwa shule kuandika sawasawa. Ningekuwa mimi ningenuna.

Sasa tumtafute aliyesema jibu ni hilo. Mchezo ulibuniwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu aliyekulia Wales na kuhamia Marekani, Brooklyn. Aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, anayependa michezo ya maneno. Maneno ya Kiingereza yenye herufi tano ni kama 12,000, na mengi hakuna binadamu wa kawaida anayeyajua. Basi Palak Shah akakaa akayapitia moja moja, akiyatenga anayoyajua na asiyoyajua. Yakabaki kama 2,500. Hiyo ndiyo ikawa orodha ya majibu. Hakuna baraza lililokaa, hakuna profesa aliyeapishwa. Ni mtu mmoja aliyekuwa akijiuliza, hili nalijua au silijui?

Kwa mchezo wa watu wawili sebuleni, huo ni utaratibu mzuri kabisa. Shida ilianza sebule ilipojaa. Tarehe 1 Novemba 2021 wachezaji walikuwa 90. Miezi miwili baadaye walikuwa 300,000, na baada ya hapo mamilioni. Mwisho wa Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua, likaanza kupunguza maneno kwenye orodha: mengine yana maana ya kuumiza watu, mengine ni magumu mno. Hapo ndipo kikatokea kituko ninachokipenda kuliko vyote. Tarehe 15 Februari 2022 kulikuwa na majibu mawili. Wale ambao vivinjari vyao vilikuwa bado vimeshikilia ukurasa wa zamani walipata “agora”, yaani uwanja wa soko na mikutano katika miji ya Wagiriki wa kale. Wale waliopata ukurasa mpya walipewa “aroma”, harufu nzuri. Mtu na jirani yake, siku moja, mchezo mmoja, kila mmoja ana kijani tano na kila mmoja anamwona mwenzake kachanganyikiwa.

Wordle lakini haikuulizi maana. Inataka herufi tu. Michezo inayouliza maana ndiyo yenye mitego zaidi, na mmoja unaojulikana sana ni Freerice. Ulianzishwa Oktoba 2007 na John Breen, mtaalamu wa kompyuta wa jimbo la Indiana, Marekani, baada ya kumwona mwanawe akihangaika kukariri misamiati ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Unapewa neno na majibu manne. Hapo mwanzo, ukipatia, zilikuwa zinatolewa punje 10 za mchele kwa ajili ya wenye njaa, zikilipiwa na matangazo ya biashara yaliyokuwa kwenye ukurasa. Siku ya kwanza zilipatikana punje 830, ambazo mama mwenye familia kubwa angezimwaga sufuriani akakuuliza wali wenyewe uko wapi. Lakini wachezaji waliongezeka haraka, na mwaka 2009 mchezo ukakabidhiwa kwa Mpango wa Chakula Duniani.

Sasa tengenezeni wenyewe swali moja la namna hiyo muone. Neno ni “hodari”. Majibu: shujaa, mzembe, mrefu, mchoyo. Kila mtu atabonyeza “shujaa” na mchezo utasema safi. Lakini fundi cherehani hodari ni shujaa? Anapigana na nani? Mwanafunzi hodari wa hesabu anaweza kukimbia mende. “Shujaa” limeshinda kwa sababu wale watatu wako mbali zaidi. Ukiyaangalia vizuri maswali ya majibu manne, mengi hayaulizi neno lina maana gani hata kidogo. Yanauliza ni lipi kati ya haya lililo karibu kuliko mengine, na mtoto anayelijua neno kwa undani ndiye anayesita muda mrefu kuliko yule anayelijua juujuu.

Mbaya zaidi ni pale majibu mawili yanapofaa. Neno ni “kali”. Jibu la kwanza: -enye hasira. La pili: -enye kukata vizuri. Aliyetunga swali alikuwa anamfikiria mbwa, wewe unafikiria kisu. Mmoja wenu atapata alama, na ni yule aliyetunga. Na bado hatujagusa jua kali, dawa kali na mwalimu mkali.

Halafu kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikirii. Freerice ilipoanza hakukuwa na mtu aliyekaa kupanga kwamba neno hili ni rahisi na lile ni gumu. Kompyuta ilihesabu: neno lililokosewa na wengi lilipandishwa ngazi, lililopatiwa na wengi lilishushwa. Ni akili nzuri hiyo. Lakini fikirini swali ambalo jibu lake limewekwa kimakosa. Wanaolijua neno watabonyeza jibu la kweli, watahesabiwa wamekosa. Wengi wakikosa, kompyuta itasema, aa, hili ni neno gumu, na italipandisha. Swali bovu litapanda hadi kukaa na maneno ya mabingwa, na huko juu anayelikosa atadhani ni ujinga wake, maana si amefika ngazi ngumu? Kompyuta haina namna ya kutofautisha neno gumu na neno lililokosewa. Kwake yote mawili ni nyekundu tu.

Msidhani haya ni ya Kiingereza peke yake. Jaribuni swali hili: “Binamu ni mtoto wa nani?” Majibu yawe: wa baba mdogo, wa shangazi, wa dada, wa jirani. Likisomwa kwenye darasa lenye watoto kutoka sehemu mbalimbali, ukae mbali na mlango. Katika familia nyingi za Tanzania, mtoto wa baba mdogo ni kaka yako au dada yako, basi, na ukimwita binamu unaweza kuulizwa umelelewa wapi. Binamu ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, mtu wa kutaniana naye. Lakini Kiarabu, ambako neno limetoka, kinasema kinyume: bin ni mtoto wa kiume, amm ni ndugu wa kiume wa baba, kwa hiyo binamu halisi angekuwa huyohuyo wa baba mdogo. Nenda Nairobi, wengi watakuambia usijisumbue, binamu ni wote hao, wa kike kwa wa kiume. Mtunzi wa swali akichagua jibu moja bila kusema ni matumizi ya wapi, amewakosesha watoto wanaojua lugha yao vizuri. Angeweza kuliepuka kosa hilo kwa maneno mawili matatu tu kwenye swali, na sioni sababu ya kumtetea.

Wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, walichoka na ugomvi huu zamani wakaumaliza kwa njia ya mkato. Kwenye mashindano kunakuwa na orodha moja iliyokubaliwa kabla ya kuanza. Ukibishiwa neno, mwamuzi haulizi maana yake; anaangalia limo au halimo. Ndiyo maana Nigel Richards wa New Zealand aliweza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na haongei Kifaransa. Alikariri orodha. Mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania. Mtu anaweza kucheka, lakini kwa sheria za mchezo ule ameshinda kihalali, na hao Wafaransa waliozaliwa na lugha yao walikaa pembeni wakapiga makofi.

Basi mtasema, dawa ni kamusi. Mchezo ukikosea, tutafungua kamusi itatuamulia. Mara nyingi ni kweli. Ila kamusi nayo inaandikwa na watu wanaofika kazini na usingizi kama sisi.

Mwaka 1934 huko Springfield, jimbo la Massachusetts, ilitoka kamusi kubwa ya Webster, toleo la pili, kitabu cha kubebwa kwa mikono miwili. Ukurasa wa 771, katikati ya mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu na neno la rangi ya dhahabu, paliandikwa “dord”. Lina matamshi yake. Linaelezwa kuwa ni neno la fizikia na kemia, maana yake densiti, yaani kile kinachofanya kipande cha chuma kiwe kizito kuliko kipande cha mbao cha ukubwa uleule.

Duniani hapakuwa na neno hilo.

Lilivyoingia ni hivi. Tarehe 31 Julai 1931, Austin Patterson, mhariri wa upande wa kemia, alipeleka kadi ndogo iliyoandikwa “D or d”, na chini yake “density”. Alichotaka ni kitu kidogo: kwenye orodha ya vifupisho waongeze kwamba D kubwa au d ndogo husimama badala ya neno hilo. “Or” ni “au”, mnalijua. Lakini pale ofisini maneno ya kuingizwa kamusini yalikuwa yakipigwa taipu kwa kuachanisha herufi. Kadi ikapotea njia, ikafika kwa watu wa maneno badala ya watu wa vifupisho. Wao wakaona herufi nne zilizoachana: D, o, r, d. Wakaziunganisha. Mwingine akalitungia matamshi. Kitabu kikachapwa.

Miaka karibu mitano hakuna aliyeshtuka. Nani angeshtuka? Mwanafizikia akiliona atadhani ni la wanakemia, mwanakemia atadhani ni la wanafizikia. Tarehe 28 Februari 1939 mhariri mmoja alikuwa akipekua kurasa akaona neno moja halina asili: halikuonyeshwa kama limetoka Kilatini, Kigiriki wala popote. Akafuata kadi nyuma hadi akaikuta ile ya Patterson. Hata hivyo liliendelea kukaa kamusini. Lilikuja kuondolewa mwaka 1947.

Mwaka 1954 Philip Gove, mhariri wa kamusi hizohizo za Webster, aliandika kueleza jinsi kosa lilivyotokea. Alipomaliza akatania kwamba labda ni hasara kulifuta: kwani kuna ubaya gani dord ikiwa na maana ya densiti?